Muthokoi wa Ng'ambo ya Mto

Kayole, Nairobi
6 Julai 2025

Mpendwa Susu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu, goti la kushoto likiwa limekubali tena kukunjika, na yule jogoo wako mwenye kiburi akiwa hajaishia chunguni. Mimi ni mzima. Baba ananiambia kwamba simu haikufikii tena masikioni. Pole, ingawa sioni hasara kubwa: barua humlazimisha mtu kufikiri kabla ya kusema, na simu haijawahi kumfundisha mwanadamu yeyote jambo hilo.

Katika barua yako ya Pasaka uliniuliza mtu aliyesomea falsafa chuo kikuu anatafuta nini juu ya baiskeli. Swali lina kejeli, lakini nitalijibu kana kwamba halina. Mimi na Teresiah, fundi wa baiskeli wa Shauri Moyo, huwaongoza watu kwenda kuutazama mto. Kila Jumamosi alfajiri hukusanyika hapa Kayole makarani wa Buruburu, walimu, wauza nguo, na yeyote mwenye magurudumu mawili na mapafu, tukaufuata Mto Nairobi unakokwenda. Wengi wao walizaliwa karibu na mto huu na hawajapata kuutazama ila kwa kuziba pua. Siwalaumu. Hapa kwetu hupita mweusi, umebeba povu na masalio ya maisha ya watu.

Lakini ukiufuata hadi Njiru, ukapita Ruai, majumba huanza kuachana, na mto hupata mahali pa kupumulia. Ukungu hulala juu ya matete kama mtu asiyetaka kuamshwa. Unakanyaga pedali na husikii kitu ila mnyororo wako. Baada ya muda hujui tena kama ni wewe unayekwenda, au ni nchi inayopita polepole chini yako hali wewe umetulia. Wiki iliyopita tulimkuta korongo mmoja amesimama majini. Tulishuka sote bila kuambiana, tukasimama kama yeye.

Sasa sikiliza ndoto yangu. Maji haya huingia Athi, nayo Athi huuzunguka mlima wa Ol Donyo Sabuk, kisha hushuka hadi chini ya shamba lako. Nataka niyafuate mpaka huko. Tutakuwa watu sita, na tutafika kwako jioni ya Jumamosi, tarehe 16 Agosti. Tupikie muthokoi. Yale mahindi uliyoyatwanga mwenyewe maganda yakatoka, yakachemka na maharagwe mchana kutwa, hakuna mkahawa wa jiji hili unaoyaweza.

Mjukuu wako,
Kyalo


Ukingoni, Mwala
17 Julai 2025

Kwako mume wangu,

Nimepokea salamu zako na nimezirudisha zikiwa na nyongeza. Goti bado lina ubishi, limerithi kwako. Jogoo yu hai. Kanisani bado mimi ndiye karani, kwa sababu hakuna mwingine anayeandika mwandiko unaosomeka.

Njooni. Nitatwanga mahindi. Ila wageni wako uwaeleze mapema kwamba wewe umebeba jina la babu yako, marehemu Kyalo, na ndiyo maana nakuita mume wangu. Wasije wakadhani kizee cha watu kimechanganyikiwa. Na huyo Teresiah mwambie kwamba bibi mkubwa anataka kumwona mikono. Fundi hujulikana kwa mikono.

Neno moja. Mkishafika Ol Donyo Sabuk, shikeni upande wetu, njia ya Wamunyu. Msipite ng'ambo, upande wa Yatta. Nimesema.

Mkeo mzee,
Susu


Kayole, Nairobi
20 Agosti 2025

Susu,

Nakusalimu, na natumai u mzima kwa mwili. Hali ya moyo wako sithubutu kuikisia, kwa maana siku nne zilizopita nilidhani naijua.

Nieleze kwa utaratibu, ili kama kuna kosa nilione. Tulipofika mahali njia zinapogawanyika, Teresiah aliniuliza, "Prof, susu yako si alisema tupitie huku?" Nikamjibu kwamba agizo lisilo na sababu si hoja. Upande wa Yatta ulikuwa mzuri kupita kiasi: uwanda wa juu umelala kama mnyama mkubwa aliyeshiba, migunga imetandaza vivuli vyake njiani, na mto uko chini upande wa kulia, unang'aa, unapotea, unang'aa tena. Tulikwenda hivyo saa nzima. Nilijihisi nimeingia katika usingizi wa mtu mwingine, mtu mwenye amani.

Mchana, maji yetu yakiwa yamekwisha, tulipiga hodi kwenye boma moja karibu na ukingo. Alitoka mama mzee mwembamba, akatuketisha kivulini, akatupa maji, kisha muthokoi, na nakiri kwamba ulikuwa mtamu. Akaniuliza, "Wewe mrefu, ni wa nani?" Nikasema, "Ni Kyalo, susu yangu ni Nthoki, wa hapo ng'ambo." Kisha akacheka mpaka akajishika mbavu, akanijazia sahani mara ya pili na kusema, "Kula, Kyalo. Umechelewa sana." Nilidhani ni utani wa wazee.

Tukavuka kwa mawe, maji yakiwa chini ya magoti, baiskeli mabegani. Nawe ulikuwa umesimama langoni. Uliniuliza kitu kimoja tu: "Umekula wapi?" Nikakuambia kwa sauti ya juu. Ukawakaribisha wenzangu watano ndani, ukawapa chakula, na mimi, mjukuu wako, mumeo kama unavyoniita, ukanizuia kwa kiganja kifuani. Nililala kwenye benchi la kanisa. Mke mwenzako Teresiah alitaka kuniletea sahani, ukamwambia, "Huyo ameshakula, binti yangu."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu ukarimu wa Waafrika, Susu. Ningependa waandishi wake wapitie kwako. Nadai maelezo.

Kyalo


Ukingoni, Mwala
14 Septemba 2025

Kyalo,

Salamu. Nimekawia kwa sababu nilikuwa nikitafuta pa kuanzia. Naanza na mvua.

Zile mvua za El Niño, kabla hujazaliwa, mto ulihama. Ulilikata shamba letu la chini, kipande kikabaki ng'ambo, kikagusana na shamba la Kivuva, ndugu wa babu yako, aliyekuwa amehamia upande wa Yatta. Kivuva akapanda mbaazi pale. Babu yako akasema ardhi ni yake, mto hauna hatimiliki. Kivuva akasema Mungu ndiye aliyeusogeza mpaka. Wakapelekana kwa wazee, na huko wakaapa kiapo kizito cha Wakamba, kithitu, kile ambacho hata mchungaji hukitaja kwa sauti ya chini. Babu yako alisema, "Wa nyumba yangu atakayekula cha ng'ambo, asile changu." Kivuva akajibu maneno yayo hayo.

Wote wawili wamekufa. Mlipokuwa mkija Desemba, mto ulikuwa umejaa na hakuna avukaye, basi hamkupata kuuliza.

Yule mama aliyekulisha ni Kavinya, mjane wa Kivuva. Mimi na yeye tulitoka kijiji kimoja, tukaolewa na ndugu wawili mwaka mmoja, tukafundishana kumwogopa mama mkwe na kuacha kumwogopa. Tangu kiapo kile nilikuwa nikisikia kinu chake asubuhi, naye akisikia changu. Sasa masikio yangu yamekufa, simsikii tena. Wala usiniulize kama naamini kiapo kinaua. Mimi ni Mkristo. Najua tu kwamba mwanamume niliyempenda alilisema neno lile kwa kinywa chake, na neno lake ndilo alilonipa nilitunze.

Sasa wewe umekula. Kavinya ametuma ujumbe: "Aliyefunga amekuja na kufungua. Nthoki anangoja nini?" Wazee wa pande zote mbili wamekaa. Wanasema kula peke yake hakutoshi, kwa sababu ulikula bila kujua. Kyalo alifunga kwa kinywa, Kyalo afungue kwa kinywa. Uje usimame mahali pa babu yako, useme, "Mimi Kyalo niliyeapa, nimeliondoa." Baada ya hapo nitaweza kuvuka.

Usikawie. Kavinya amevimba miguu, hatoki tena nje. Mvua za Novemba zikianza, mawe yatafunikwa hadi mwakani, na sijui kama ataufikia.

Susu wako


Kayole, Nairobi
21 Septemba 2025

Mpendwa Susu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, mara ya mwisho nikiwa nimeketi juu ya daraja la Njiru, baiskeli imeegemea ukingo, maji yakipita chini yangu kuelekea kwako. Hasira yangu imekwisha. Nimebaki na huzuni, na pamoja nayo hoja.

Ama kiapo kina nguvu, ama hakina. Kama hakina, hakihitaji kufunguliwa: vaa viatu, vuka, ukale na rafiki yako leo. Kama kina nguvu, basi hakiwezi kudanganywa na kijana wa Kayole anayesimama mbele ya wazee na kujiita mtu mwingine. Kwa vyovyote vile, maneno mnayoniomba ni ya bure au ni ya uongo.

Mimi siye babu. Simkumbuki hata uso. Nimebeba jina lake kama nilivyobeba pua ya mama. Hakuna anayenitaka nilipe madeni ya pua. Kitu kimoja nilichokipata chuoni, ambacho hakuna mwajiri aliyeweza kukinunua wala kukidharau mbele yangu, ni kutosema nisichokiamini. Ukiniomba nikubebe mgongoni kuuvuka mto, nitakuja kesho. Ukiniomba niigize, nitakataa, hata kama ni wewe.

Tena huoni ajabu yake? Mto wenyewe haukuapa. Unapita katikati yenu bila kujua una pande mbili.

Mjukuu wako akupendaye,
Kyalo


Ukingoni, Mwala
3 Oktoba 2025

Kyalo,

Hatujambo. Barua yako niliwasomea wazee baada ya ibada. Mmoja alisinzia kabla ya mwisho, waliobaki wamekubali kwamba umeshinda.

Sasa wewe mshindi nifundishe, ushindi huu nimpelekee Kavinya katika sahani gani? Jana alikunywa uji vijiko viwili.

Kile kipande cha ardhi mto ulikifagia chote katika mafuriko ya mwaka jana. Hakuna mbaazi, hakuna mpaka, ni mchanga na maji. Kimebaki kiapo peke yake, hakina hata cha kulinda. Hayo nayo yatie katika hoja zako.

Unasema hukumbuki uso wa babu yako. Yeye aliukumbuka wako. Ulipozaliwa alikupakata, akasema, "Nthoki, mimi nikiondoka, huyu amebaki nami." Akaondoka mwaka huohuo. Nami nimekuita mume wangu tangu hujaota meno. Ulidhani ninachekesha watu?

Susu


Kayole, Nairobi
27 Oktoba 2025

Mpendwa Susu,

Nimefika salama, tairi la nyuma limeraruka, mimi mzima. Nakuandikia kwa kuwa kuna mambo hukuyaona ukiwa upande wako wa mto, na mengine uliyaona ukanyamaza.

Barua yako ilinikuta kibandani kwa Teresiah, Shauri Moyo, akiziba pancha. Nilimsomea nikitarajia aniunge mkono.

"Wee Prof," akasema bila kuinua macho, "mimi naitwa nani?"

"Teresiah."

"Jina la mama yake baba yangu. Na baba huniita nani?"

"Sijui."

"Mama. Mzee mzima, ana ndevu. Akikosa kula namgombeza, anakula. Sasa kati yetu sisi wawili, nani ndiye mwongo?"

Nikamwambia hiyo ni lugha ya mapenzi tu.

"Tu?" akasema. "Shika hiyo pampu, acha kuniharibia siku."

Nilishika pampu. Nilijaza upepo mpaka tairi likawa gumu kama jiwe, Susu. Alfajiri iliyofuata nikaondoka peke yangu.

Sijui nikuelezeje safari ile. Nilipokwenda na wenzangu niliutazama mto. Safari hii ni kama mto ndio ulionitazama. Mvua ilikuwa imenukia lakini haijanyesha, mwanga ulikuwa wa rangi ya asali nyembamba, na mkonge ulisimama safu kwa safu hadi mahali ambapo macho yalichoka. Chini ya Ol Donyo Sabuk ndege mnana walikuwa wakisuka viota juu ya maji, wakiongea wote kwa pamoja. Nilianza kujaribu yale maneno kwa sauti, nikikanyaga: mimi Kyalo niliyeapa. Mwanzoni niliona haya. Baadaye mdundo wa miguu ukayachukua, na sikujua tena ni nani anayeyasema. Nilijiambia ni uchovu. Huenda ulikuwa uchovu.

Uliniona nikisimama mbele ya wazee, uani kwa Kavinya, nawe ukiwa ng'ambo yako chini ya ule mwavuli mweusi. Maneno hukuyasikia. Nilikuwa nimeandaa ufafanuzi wa hadhi ya jina katika falsafa. Mzee mmoja akaniambia, "Kijana, mvua inakuja." Basi nikasema yale mliyotaka, yote, bila kupunguza. Nilipofika kwenye jina la Kivuva, neno jingine lilitangulia. Nilisema, "Ndugu yangu," na wewe unajua kwamba mimi sina ndugu. Bado najiuliza lilitoka wapi neno lile.

Kavinya alikuwa amelazwa kwenye mkeka mlangoni. Aliniambia, "Umezeeka vibaya, Kyalo, umekonda," na wazee wakacheka. Nilikula muthokoi, chumvi ameitia mwenyewe. Kisha akaijaza sahani nyingine, akaifunika kwa leso, akanipa nikuvushie.

Nawe uliipokea, Susu. Uliishika kwa mikono miwili. Ukanikaribisha ndani, ukanipa maji ya kuoga, ukanitandikia. Lakini sahani ilikaa mezani imefunikwa jioni yote, na asubuhi nilipokuwa nikiaga bado ilikuwa imefunikwa. Ng'ambo walikuwa wakikutazamia uvuke. Hukuvuka.

Nimefanya nililoliona ni uongo kwa ajili yako, na sasa sina uhakika hata kama ulikuwa uongo. Nimepoteza hoja yangu. Basi niambie kwamba sikuipoteza bure. Unaogopa nini?

Kyalo


Kayole, Nairobi
16 Novemba 2025

Mpendwa Susu,

Natumai u mzima. Hii ni barua ya pili bila jibu. Mvua imeanza huku. Mto wa hapa umepanda hadi kwenye mizizi ya migomba, na tumesimamisha safari. Baba alimpigia simu jirani yako, akaambiwa nyumba yako imefungwa kwa kufuli na jogoo analishwa na watu wa kwaya. Hakuna aliyetaka kueleza zaidi, walicheka tu. Sijui nichukulieje kicheko hicho.

Nijibu, hata kwa mstari mmoja. Sitabishana nao.

Mjukuu wako,
Kyalo


Kwa Kavinya, Yatta
30 Novemba 2025

Kwako mume wangu,

Salamu nyingi kutoka ng'ambo. Barua zako zote mbili zimenifikia leo kwa mkono wa mchungaji, aliyezunguka kwa barabara ya mbali. Usilaumu posta.

Uliuliza naogopa nini. Kiapo sikukiogopa tena. Ulikiondoa, nilikuona ulivyosimama, mabega yale nayajua. Niliogopa kufika. Miaka yote hiyo nilikuwa na sababu ya kutokwenda, na sababu ilipoondoka nikabaki mimi na mlango wa Kavinya. Utamwambia nini mtu, hata kama ni wako? Hujambo?

Ulipoondoka nilifunua sahani. Muthokoi ulikuwa umepoa. Niliula wote nikiwa nimesimama, kama mwizi. Chumvi ilikuwa nyingi, Kavinya hajabadilika. Halafu nikabaki na sahani ya watu. Nawe hata ukisoma vitabu vya dunia nzima unajua kwamba sahani ya watu hairudishwi tupu. Basi nikatwanga, nikapika siku nzima, nikaijaza, nikaifunika kwa leso ileile. Vijana wawili wa kwaya walinishika mikono kwenye mawe. Manyunyu yalikuwa yameshaanza, nami nilifikiri naenda kuacha sahani tu.

Nilimkuta ameketi kitandani. Hakuniuliza kitu. Aliionja, akaniambia sikioni, "Nthoki, hujui chumvi mpaka leo." Nikamwambia yeye ndiye asiyeijua. Tumelibishania jambo hilo tangu siku ile na halijaisha.

Miguu yake bado imevimba. Daktari wa zahanati anasema moyo umechoka, hajasema zaidi, na mimi sikumwuliza zaidi. Lakini anakula. Asubuhi nikitwanga huweka mkono kwenye ukingo wa kinu na kuniambia kama nakwenda sawa, kwa kuwa masikio yangu hayaniambii. Jioni tunakaa mlangoni tukiutazama mto, namwonyesha nyumba yangu kwa mbali. Inapendeza kutoka huku. Sikuwahi kuiona hivyo.

Nina nguo moja, na nyingine ya kazi niliyoazima kwa Kavinya. Ukija, leta nguo za kubadilisha, miwani nyingine ya kusomea na huyo Teresiah, na upite upande huu wa Yatta. Mawe yamefunikwa kabisa. Watu wanasema maji hayatapungua hadi mwezi wa pili. Wananiuliza nitarudije, nami nawaambia sijui, na kwa kweli sijauliza.

Susu wako,
pamoja na Susu wako